Picha ya Kabla

Mwezi uliopita nilimfukuza binti wa watu nyumbani kwangu, na sijutii. Alikuja na simu yake na kijiti cha kuishikilia, akajitambulisha vizuri, akasema anatoka katika shirika linalotetea wanawake na maji, na kwamba wanatengeneza video fupi za kuweka mtandaoni. Nikampa kiti. Nikampa na chai. Kisha akaiona ndoo yangu uani, imejaa maji, akaniomba niimwage halafu nikae pembeni yake nikiitazama. "Usitabasamu, bibi," akasema, "tunataka jamii iguswe." Nilimwambia anyanyuke. Alidhani natania, akacheka. Nikamnyang'anya kikombe mkononi chai ikiwa nusu, nikamfungulia mlango.

Majirani wamenisema sana. Eti nimezeeka vibaya, eti binti wa watu alikuwa anafanya kazi yake. Ni kweli alikuwa anafanya kazi yake. Hata yule wa zamani alikuwa anafanya kazi yake, tena kwa bidii kuliko huyu, na nataka kueleza aliifanyaje.

Tulikuwa tunakaa Igogo, Mwanza, chini kabisa, karibu na ziwa. Miaka ya tisini ilikuwa inaishaisha, na kila kitu cha zamani kilikuwa kinauzwa au kinafungwa. Baba alikuwa amepunguzwa kazi kiwandani, mwanamume mwenye nguvu zake, akawa anauza mitumba Mkolani na kurudi jioni hana la kusema. Viwanda vya minofu ya samaki vilikuwa vinajengwa ufukweni kimoja baada ya kingine. Minofu ilipanda ndege, sisi tukabaki na mapanki, mifupa iliyobaki na kichwa, tunakaanga na kushukuru. Bomba la mtaa lilikuwa linatoa upepo tu. Kwa hiyo maji yetu ya kunywa, ya kufulia na ya kuogea yalikuwa ya ziwani.

Na ziwa lenyewe lilikuwa limefunikwa. Waliokuja Mwanza baadaye hawajui magugu maji yalikuwa kitu gani. Unaamka asubuhi unatafuta maji huyaoni, unaona shamba la kijani lenye maua ya zambarau, ndege wanatembea juu yake. Wageni walikuwa wanasema maua yanapendeza. Chini ya maua hayo kulikuwa na mizizi myeusi iliyosokotana, konokono, nyoka, na maji yanayonuka kama choo. Ukitaka ndoo moja unapasua kwa mti, unachota haraka kabla hayajajifunga tena. Mitumbwi ilikuwa haifiki nchi kavu. Mwalo wetu mdogo wa kushushia samaki, ambao zamani ulikuwa unapokea dagaa kila siku, ulikuwa umekufa.

Mama alikuwa mwenyekiti wa jumuiya yetu, zile jumuiya ndogondogo za kusali nyumba kwa nyumba. Alikuwa mwanamke wa Ukerewe, mfupi, mwenye mikono mipana, na alikuwa na ugonjwa mmoja ambao mpaka leo unaniudhi: hakuwa anabishana na mtu wa kanisa. Padri, katekista, hata mfagiaji wa sakristia, akisema neno, Mama anaitikia. Mimi nilikuwa binti mkubwa wa kutosha kuolewa, sijaolewa, na nilikuwa nabishana kwa niaba yetu sote.

Dada yangu, aliyenitangulia kuzaliwa, alikuwa ameolewa na mvuvi, wanaishi kambini ng'ambo ya ghuba. Mtoto wake wa kwanza alitolewa kwa kisu, akafa kwa surua kabla hajajua kutembea. Sasa alikuwa na mimba nyingine. Daktari alikuwa amemwonya waziwazi kwamba uchungu ukimwanza asithubutu kujifungulia kambini, aletwe hospitali ya kilimani, maana kovu lile linaweza kuachia. Kutoka kambini kwao kwenda kwenye kivuko ni kupanda na kushuka vilima kwa miguu. Kwa mtumbwi wa injini ni kukata maji moja kwa moja mpaka Igogo, na kutoka Igogo hospitali unaiona kwa macho. Njia ilikuwa hiyo moja, na ilikuwa imezibwa na magugu.

Kwaresima ilipofika, kila jumuiya ilipaswa kuchagua tendo la toba. Wengine walichagua kutembelea wagonjwa, wengine kuacha sukari. Mama akasema sisi tutafungua mwalo. Hakumtaja dada, lakini kila mwanamke pale alimjua dada na tumbo lake, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Toba yetu ilikuwa na masharti yake. Jumatano ya Majivu tulikuwa tumesomewa kwamba anayefunga asijioneshe, na Mama aliyachukua maneno hayo kama yalivyo. Hakuna kuitangaza kazi. Hakuna kumwambia mtu wa jumuiya nyingine. Ukitoka ziwani unaoga, unapaka mafuta, unavaa kanga safi, ukiulizwa ulikuwa wapi unasema ulikuwa kwenye kazi zako. Baba alijua kwa harufu tu, akanyamaza. Wanawake wale walifanya kazi ya matrekta kwa siri, kama watu wanaoiba.

Tulikuwa tunashuka alfajiri, upepo ukiwa bado unavuma kutoka nchi kavu kwenda majini. Wenye mapanga wanakata mkeka wa magugu vipande vipande, wenye reki wanavuta, na vile vilivyo mbali tunavizungushia wavu chakavu na kuvisukuma nje upepo uvichukue. Tunasali fungu moja la rozari kwa kila kipande. Mikono ilichubuka. Mwenzetu mmoja alitolewa ruba mapajani mpaka tukazoea kumtania kwamba anafuga. Maji yalipoanza kuonekana, tulifunga kamba kutoka mwamba mmoja mpaka mwamba wa pili, tukaining'inizia madumu matupu yaelee, magugu ya nje yakigonga yanakwama hapo. Mlango tuliuacha kando ya mwamba, upana wa mtumbwi.

Pasaka ikatukuta tuna maji. Maji meusi kidogo, lakini maji, na jua linacheza juu yake. Shemeji yangu alikuja na mtumbwi wake wa injini kushusha dagaa, wa kwanza kupita mlangoni pale, akazima injini akakaa anashangaa.

"Mama, hii ni kazi ya nani, bhana?"

"Ya Mungu," Mama akasema.

"Basi mwezi ukiandama namleta mkeo hapahapa," akaniambia mimi, kwa utani wetu wa mashemeji, maana kila nilipomtetea dada alikuwa anasema dada ni mke wangu, si wake. Tukacheka. Akaondoka anajua njia iko wazi.

Sasa nije kwa Katibu, yule wa zamani niliyemtaja. Alikuwa katibu wa chama cha mazingira na maendeleo kilichokuwa chini ya kanisa, kijana msomi, msafi, mwenye kalamu mbili mfukoni. Wakati huo vyama vilikuwa vinazaliwa kila wiki. Serikali ilikuwa imejitoa kwenye mambo mengi, na wafadhili wa nje walikuwa hawataki kuongea na serikali, wanataka kuongea na akina Katibu. Chama chake kilikuwa kimepata kompyuta iliyounganishwa na waya wa simu, wanaandika barua hapa inasomwa Ulaya siku hiyohiyo. Na kilikuwa kimepata kamera ambayo sijaona tena mfano wake, kubwa kama tofali, inayomeza disketi. Unapiga picha moja, halafu unasubiri. Inanguruma tumboni, krrr, krrr, mpaka iandike picha ile kwenye disketi, ndipo upige nyingine. Hakuna filamu wala kusafisha. Katibu alikuwa anaibeba mgongoni kama mtoto mgonjwa.

Sisemi alikuwa mtu mbaya. Ningependa kusema hivyo, ingenirahisishia. Alikuwa anaamini kabisa kwamba ziwa letu litaokolewa na kompyuta ile, kwamba dunia ikituona itatuhurumia, na ikituhurumia italeta mashine. Alilisema hilo kanisani, kwenye mikutano, hata msibani.

Mwalo wetu ulipofunguka, siri haikukaa. Katibu akaja siku moja ya juma lililofuata Pasaka, amevaa raba nyeupe.

"Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo, mama."

"Milele amina. Marahaba, baba."

Akaushangaa mwalo. Akapiga picha, akasubiri ngurumo, akapiga tena. Akatusifu mpaka wanawake wakaona haya. Kisha akauliza, "Picha za kabla ziko wapi?"

Hatukumwelewa. Akaeleza kwamba wafadhili hawatazami picha moja. Wanataka mbili, ya kabla na ya baada, ziwekwe sambamba, ndipo waone kazi. Sisi hatukuwa na ya kabla. Nani angeipiga, na toba ilikuwa ya siri? Katibu akashika kichwa. Akatembea mpaka kwenye mwamba, akaitazama kamba yetu na madumu, na magugu yaliyokuwa yamejazana upande wa nje yanangoja. Nikamwona anapata wazo. Ningekuwa na akili ningemsukumia majini saa ileile.

"Mama," akasema, "mkifungua kamba hii mchana, upepo wa ziwani si utayaingiza?"

"Utayaingiza," Mama akasema.

"Yakae siku moja tu. Nipige picha. Halafu mfunge tena."

Wanawake wakatazamana. Mimi nikasema, nikasema kwa sauti, kwamba hayo magugu tumeyatoa kwa mikono yetu, kwamba yakiingia hayaagizwi yatoke, kwamba dada yangu anakuja kujifungua na anapita hapo. Katibu akanisikiliza kwa upole. Huo upole wa watu wa semina, kichwa kimeinama upande, ndio unaonichemsha damu hata leo. Akasema ananielewa. Akasema lakini tufikirie pia dada wengine, wa Nansio, wa visiwa vyote, ambao hawana jumuiya kama yetu, na ambao picha hii moja ingewaletea mashine ya kuondoa magugu ziwa zima. Akasema Paroko ameshakubali.

Hapo akawa amemmaliza Mama. Nilimwona usoni. Nikamwambia, "Mama, kataa." Akanijibu kwa sauti ya chini, kama vile mimi ndiye niliyemwaibisha mbele ya mgeni, "Wewe ni nani wa kubishana na kanisa?"

Mwenzetu wa ruba ndiye aliyekwenda kufungua kamba. Mchana upepo ukageuka, na yakaanza kuingia polepole, na maua yake, kama ng'ombe wanaorudi zizini. Kufikia jioni mwalo ulikuwa umefungwa kuliko ulivyokuwa tulipoanza.

Na Katibu hakuja. Ulikuwa wakati wa mgao wa umeme, na betri ya kamera ilikuwa haijachajiwa. Alfajiri ya pili Mama alishuka na wanawake na mapanga, upepo ulikuwa unasaidia, wakakutana na mlinzi wa ofisi ametumwa na Katibu: msiguse kitu, anakuja leo. Wakakaa juu ya mawe, mapanga magotini, wakiutazama upepo mzuri unavuma bure. Hiyo ndiyo picha niliyonayo mimi, wanawake wazima waliokaa wanangoja ruhusa ya kusafisha maji yao. Upepo ukageuka, magugu mengine yakaingia juu ya yale ya kwanza, yakajisokota, yakawa kitu kimoja. Katibu hakuja siku hiyo pia.

Asubuhi iliyofuata tukasikia injini.

Uchungu ulikuwa umemwanza dada usiku, mapema kuliko ilivyotarajiwa. Shemeji alikuwa amemlaza kwenye mtumbwi juu ya nyavu, amemfunika blanketi, akaja kasi moja kwa moja kwenye mlango aliouacha wazi. Aliyaona magugu, lakini alidhani ni yaliyokwama nje ya kamba, kwamba akiyapita atakuta maji. Akaingia kwa nguvu. Propela ikajisokota mizizi, injini ikakohoa, ikazima. Walikuwa karibu nasi kiasi kwamba nilimsikia dada akiniita kwa jina langu la utoto. Hatukuweza kuwafikia. Hapakuwa na maji ya kuogelea wala ardhi ya kukanyaga.

Tuliingia. Sikumbuki nani alikuwa wa kwanza. Tulikuwa tunakata, tunavuta, tunazama mpaka shingoni, tunapanda juu ya mkeka unapasuka tunazama tena. Shemeji alikuwa upande wake anakata kwa kisu cha samaki. Mama alikuwa anaomba kwa Kikerewe, mfululizo, bila kupumua, na jua likawa linapanda. Ilikuwa imeshakaribia adhuhuri tulipoushika ubavu wa mtumbwi. Dada alikuwa ameacha kupiga kelele. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu, na alisema kitu kimoja tu, kwamba maumivu yamekoma ghafla. Mama alijua maana yake. Nilimwona amejua.

Tukambeba juu kwa juu, mikononi, tunapita naye katika yale magugu, maji yanamchuruzika, tumbo lake liko wazi kwa jua na kanga imemvuka. Nikainua macho kuangalia tumebakiza umbali gani. Katibu alikuwa amesimama juu ya mwamba na ile kamera usoni.

Haki ni haki: gari lililompeleka dada hospitali lilikuwa lake. Alishuka mbio na funguo mkononi, akasaidia kufungua mlango wa nyuma, akaendesha vizuri. Lakini kabla ya kushuka alisimama. Nilimwona. Alisimama juu ya mwamba, kamera ameishikilia kwa mikono miwili bila kuitikisa, akingoja ingurume mpaka imalize, kwa sababu ukiitikisa picha inaharibika. Dada yangu alikuwa mikononi mwetu karibu kukata roho, na yeye anangoja krrr, krrr.

Kovu lilikuwa limeachia. Mtoto alikuwa wa kiume, mkubwa, mwenye nywele, na alikuwa ameshafia tumboni. Ili kumwokoa dada madaktari walitoa na kizazi chenyewe. Walifanya walichoweza, sina neno nao. Shemeji alimzika mwanawe kambini, na dada akaletwa kwetu Igogo akae mpaka kidonda kipone.

Alipokuwa bado hawezi kukaa wima, Katibu alituita ofisini kwake, Mama na mimi. Nilikwenda nikidhani anataka kutuomba msamaha. Alitukalisha mbele ya kompyuta. Picha ilikuwa inafunguka kutoka juu, mstari kwa mstari: anga, kisha maua ya zambarau, kisha vichwa vyetu, kisha uso wa dada umelala nyuma, mdomo wazi. Ilikuwa picha nzuri. Nasema hivi kwa uchungu, ilikuwa nzuri sana, mtu yeyote mwenye moyo angelia. Katibu mwenyewe alikuwa na machozi.

"Nimeshaituma," akasema. "Imewafikia watu wengi, mama. Wameiweka kwenye tovuti. Wengine wanasali kwa ajili yake sasa hivi, katika nchi ambazo hamzijui."

Chini yake alikuwa ameandika kwa Kiingereza maneno aliyotusomea kwa Kiswahili: kwamba huyu ni mama wa Ziwa Viktoria anayevushwa magugu kwenda kujifungua, kwamba hivi ndivyo hali ilivyo kabla hamjatusaidia. Nikatafuta uongo katika maneno yale nimpige nao usoni, sikuupata. Alikuwa mama. Alikuwa anavushwa. Magugu yalikuwepo. Walikuwa wameyaleta kwanza, halafu wakaupiga picha ukweli.

Nikamwambia, "Andika nani aliyefungua kamba."

Akainamisha kichwa upande. Akasema tusiingie kwenye mambo yatakayowachanganya wafadhili. Akasema hasira ni sehemu ya msiba, na kwamba ananiombea. Mama akanivuta kanga tutoke.

Na picha ilifanya kazi. Hilo ndilo linalonifanya nikose usingizi, si kinyume chake. Ilileta boti yenye meno ya kuvunia magugu, ilileta glavu, mabuti, semina, ilileta wataalamu na wadudu wa kula magugu ndani ya ndoo. Mialo ikaanza kufunguka. Kuna wanawake waliojifungua salama kwa sababu ya uso wa dada yangu, nawafahamu, wengine watoto wao nimewabeba. Ukitaka kunibishia kwa hilo nibishie, sina jibu. Lakini usiniambie nitabasamu.

Wafadhili ni watu wenye utaratibu, na wana huruma yao pia. Wakaandika barua pepe wakauliza: yule mama alifikaje? Walitaka ya baada.

Katibu akaja nyumbani. Dada alikuwa amekaa kwenye mkeka anachambua mchele. Akamsalimia, akampa pole, akazunguka maneno mpaka nikachoka, mwishowe akalitoa. Kama dada angekubali kukaa mbele ya ziwa, pale mwaloni palipo safi sasa, ameshika mtoto. Mtoto yeyote. Jirani yetu alikuwa na kichanga, si angetuazima kidogo? "Siyo udanganyifu," akasema. "Ni ishara. Ni kwa ajili ya watoto wote waliopona."

Dada hakuinua macho kwenye mchele. Aliyenyanyuka alikuwa Mama. Mama yangu ambaye hakuwa anambishia hata mfagiaji alimshika Katibu shati, hapo kwenye kalamu, akamkokota mpaka nje akamwachia barabarani. Aliporudi akaketi, akachukua ungo kwa dada akaendelea kuchambua yeye. Nilitamani angelifanya hilo siku ya kamba, na nilikuwa na hasira naye kwa hilo, na sikumwambia mpaka anakufa.

Tulidhani yameisha. Kumbe Katibu alimpata mwanamke mwingine, wa Mkolani, mnene kidogo kuliko dada lakini wa rangi yake, mwenye mtoto wa afya. Wazungu wangejuaje? Picha ikaenda.

Jibu lilisomwa Jumapili, baada ya komunyo, wakati wa matangazo. Dada alikuwa ndiyo kwanza anarudi kanisani, amekaa kati yangu na Mama. Katibu alisimama mbele na karatasi iliyochapwa, akaanza kututafsiria. Wapendwa wetu wa ziwani. Tumeziona picha zote mbili, tukazitundika kwenye ukumbi wetu. Tunamshukuru Mungu kumwona mama yule akiwa na mwanawe, wote wazima. Kanisa likapiga makofi. Kwaya ikapiga vigelegele. Wanawake wa jumuiya yetu, wote, walikuwa wametazama sakafu.

Dada akasimama. Bado alikuwa anajishika tumbo akisimama.

"Mama wa kwenye picha ni mimi," akasema. "Mwanangu tumemzika."

Hakupaza sauti, lakini makofi yalikuwa yameshakatika na kila mtu alisikia. Paroko akamtazama Katibu. Katibu akatazama karatasi yake. Nadhani alikuwa hajui afanye nini zaidi ya kusoma, kwa sababu macho yake yalishuka mstari uliofuata na mdomo ukayafuata.

"Wanaomba..." akasema, akasita, akamaliza. "Wanaomba tuwatumie jina la mtoto, wamwombee."

Dada alikuwa bado amesimama.

"Waandikie hatukumpa," akasema, kisha akakaa.